Somo la Kununua Nyumba Ugenini: Mpaka Ulio Baina ya Biashara na Riba

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Amma baad:

Jua, ewe ndugu Mwislamu, ya kuwa watu wengi wa pwani hii leo wana watoto na ndugu waliohamia Marekani. Huko wamewakuta Wasomali, na Wabantu wa Kisomali waliopelekwa kutoka kambi za wakimbizi za Kenya tangu miaka ya 2003 na 2004, na Wakongo. Na wengi katika hao husema Kiswahili. Si wote waliokaa katika miji mikubwa. Wako waliofuata kazi za viwanda vya nyama na bata mzinga katika miji midogo iliyozungukwa na mashamba, kama Fort Morgan katika jimbo la Colorado na Barron katika jimbo la Wisconsin; na wako waliofuata ardhi ya kulima katika jimbo la Maine.

Mtu akiisha kukaa huko miaka michache, na watoto wakawa wengi, hutaka nyumba iliyo yake. Fedha taslimu za kuinunua hana. Hapo huanza kuuliza: akope kwa nani, na kwa njia ipi? Na baba aliye Lamu au Mombasa au Unguja huombwa achangie malipo ya kwanza. Basi suala hili si la aliye ugenini peke yake. Ni la mzee aliye nyumbani pia, kwani mwenye kutoa fedha zake yapasa ajue zaingia katika mkataba gani.

Maana ya somo hili lote hukusanyika katika neno moja: kinachotenga halali na haramu si jina lililoandikwa juu ya karatasi, wala si uchache wa nyongeza, bali ni kujua nani mwenye nyumba, na hasara ikitokea ni ya nani. Mwenye kulishika neno hili hatadanganyika kwa urahisi.

MLANGO WA KWANZA: ASILI YA HUKUMU

Katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 275, wametajwa watu waliodai ya kuwa biashara na riba ni mamoja. Na Mwenyezi Mungu akazitenga, hii akaihalalisha na hii akaiharamisha. Watu wale walitazama hesabu peke yake: fedha imezidi huku, na fedha imezidi kule. Lakini tofauti haimo katika hesabu. Mwuzaji ana kitu alichokinunua na kukimiliki, nacho kikiharibika mkononi mwake, hasara ni yake. Faida yake ni haki ya kule kubeba hatari. Mkopeshaji hana kitu ila deni. Nyumba ikiungua, au bei yake ikianguka, yeye huendelea kudai fedha zake na nyongeza juu yake. Mafakihi wameliweka jambo hili katika kanuni, kwamba pato hufuata dhamana.

Katika madhhab ya Imam Shafii, kuuza kwa muda kwa bei iliyozidi bei ya taslimu ni halali, kwa masharti. Bei ijulikane, na muda ujulikane, na wenye kuuziana wakate shauri moja kabla ya kuachana. Mwuzaji akisema, "Kwa taslimu ni elfu mia, kwa muda ni elfu mia na hamsini," nao wakaachana bila ya kuchagua moja, bai hiyo ni batili. Tena sharti mwuzaji awe amekwisha kukimiliki kitu na kukikabidhiwa. Na kukabidhiwa nyumba ni kuachiwa iwe tupu, apate kuingia na kufanya atakalo. Asiuze mtu kisicho chake.

Ama deni la fedha, kila nyongeza iliyoshurutishwa juu yake ni riba, iwe kubwa au ndogo. Na Mtume (s.a.w.) hakumlaani mwenye kuila peke yake, alimlaani pia mwenye kuilisha, na mwandishi wake, na mashahidi wake. Basi asidhani mkopaji ya kuwa dhambi yote ni ya benki.

MLANGO WA PILI: MKOPO WA SERIKALI KWA WATU WA MASHAMBANI

Serikali ya Marekani, kwa Sheria ya Nyumba ya mwaka 1949, ilifungua mlango maalumu kwa watu wa mashambani, na mlango huo huendeshwa na Wizara ya Kilimo. Una matawi mawili.

Tawi la kwanza: wizara yenyewe humkopesha mtu wa kipato kidogo asiye na nyumba ya kufaa, naye hapati mkopo mahali pengine kwa masharti anayoyaweza. Aghlabu hatakiwi malipo ya kwanza. Muda ni miaka 33, na kwa wenye kipato cha chini kabisa huweza kufika miaka 38. Na nyongeza hupunguzwa kwa ruzuku, hata huweza kushuka ikawa 1 katika 100 kwa mwaka.

Tawi la pili: benki ndiyo ikopeshayo, na wizara huidhamini mpaka 90 katika 100 ya mkopo. Muda ni miaka 30, nyongeza ni ya soko, na mnunuzi hulipa ada ya dhamana juu yake.

Katika matawi yote mawili nyumba sharti iwe mahali panapohesabiwa kuwa ni mashambani. Kwa jumla mji usiozidi watu 35,000, pamoja na sifa nyingine zilizotajwa katika kanuni. Na mwombaji awe raia, au mgeni mwenye haki ya ukaaji inayokubaliwa, kama mkaaji wa kudumu. Mgeni asitegemee habari za mwaka jana, kwani kanuni hizi hubadilika. Mathalan, idara ya Federal Housing Administration, inayoweka bima juu ya mikopo ya benki kwa wanunuzi wengi wa mara ya kwanza, tangu tarehe 25 Mei 2025 imeacha kuidhamini mikopo mipya ya wageni wasio wakaaji wa kudumu, isipokuwa wachache.

Sasa tazama hesabu, upate kuujua mtihani ulivyo. Nyumba ya dola 150,000, ikiwa mkopo ni wa miaka 33 kwa nyongeza ya 1 katika 100, malipo ya mwezi ni karibu dola 445, mbali na kodi ya serikali na bima. Kwa miezi 396 jumla hukaribia dola 176,000. Mtu anayekata nyama kiwandani aweza kulipa hivyo bila ya kuwanyima watoto chakula, na huenda kodi ya nyumba anayoipanga ikawa kubwa kuliko hiyo.

Pamoja na hayo, mkataba huu ni deni la fedha lenye nyongeza iliyoshurutishwa. Wizara hainunui nyumba wala haiimiliki hata kwa saa moja. Hutoa fedha, na nyumba huwa rehani yake. Kuwa nyongeza ni 1 badala ya 7 hakuigeuzi hukumu, kama vile tone la ulevi halihalaliki kwa kuwa ni tone. Na kuwa mkopeshaji ni serikali, tena serikali yenye kutaka kuwasaidia maskini, ni jambo la kushukuriwa kwa nia yake, lakini nia njema haifanyi riba kuwa biashara. Ajue pia mkopaji ya kuwa ruzuku ile si zawadi tupu: nyumba ikiuzwa, au mwenyewe akihama, sehemu ya ruzuku huweza kudaiwa irudishwe. Wengi hulijua hili siku ya kuuza tu.

MLANGO WA TATU: NJIA ZA KAMPUNI ZA KIISLAMU

Waislamu wa Marekani walianza zamani kidogo kutafuta njia ya halali. Kampuni ya LARIBA ilianzishwa California mwaka 1987. Mwaka 1997 idara ya serikali inayosimamia mabenki iliiruhusu United Bank of Kuwait kufanya ijara ya nyumba, na mwaka 1999 ikairuhusu kufanya murabaha. Mwaka 2001 shirika la Freddie Mac lilianza kununua mikataba ya namna hii, na kwa hiyo fedha zikapatikana kwa wingi zaidi. Mwaka 2002 kampuni ya Guidance Residential ilianza kwa njia ya ushirika upunguao. Na mwaka 2009 idara ya nyumba ya jimbo la Minnesota, pamoja na African Development Center ya Minneapolis, ilianzisha njia ya kununua nyumba na kuiuza tena kwa mnunuzi kwa faida iliyojulikana.

Njia zenyewe ni tatu.

Ya kwanza ni murabaha. Kampuni hununua nyumba kwa dola 150,000, kisha humwuzia mtu kwa dola 246,000: hutoa 30,000 papo hapo, na 216,000 zilizobaki hulipa kwa miezi 240, kila mwezi dola 900. Bei haizidi tena hata akichelewa. Imam Shafii katika Al-Umm ameitaja sura iliyo karibu na hii, ya mtu amwambiaye mwenziwe, "Nunua kitu hiki, nami nitakupa faida kadha". Akaijuzisha, kwa sharti kila mmoja awe na hiari mpaka bai ya pili ifungwe. Basi ahadi ya kwanza isiwe kifungo, na kampuni iwe imekwisha kuimiliki nyumba kabla ya kuiuza. Ikiwa fedha zimetoka kampuni kwenda kwa mwenye nyumba wa kwanza, na nyumba haikupita katika milki ya kampuni kwa njia yo yote, hiyo si murabaha ila kwa jina.

Ya pili ni ushirika upunguao. Nyumba ile ile ya dola 150,000: mtu hutoa 30,000, akamiliki fungu moja katika matano; kampuni hutoa 120,000, ikamiliki mafungu manne. Nyumba hiyo yapangishwa kwa dola 1,000 kwa mwezi, basi mtu huilipa kampuni 800 kwa mafungu yake manne, na juu yake hununua hisa za dola 500 kila mwezi. Hisa za kampuni zikipungua, kodi nayo hupungua. Baada ya miaka kumi kampuni hubakiwa na mafungu mawili, na kodi yake ni dola 400. Baada ya miezi 240 nyumba yote huwa ya mtu. Kupangisha fungu lisilogawanywa kwasihi katika madhhab ya Shafii, lakini akdi ya kuuza na akdi ya kupangisha zisifungwe moja kuwa sharti la nyingine.

Ya tatu ni ijara: kampuni huimiliki nyumba yote na kuipangisha, kisha mwisho wa muda humwuzia mpangaji au humpa hiba kwa akdi mbali. Madamu kampuni ni mwenye nyumba, ukarabati wa nguzo na paa ni juu yake, si juu ya mpangaji.

Ukijumlisha ushirika ule wa pili utaona mtu ametoa dola 30,000, na 120,000 za hisa, na kodi kama 96,400 kwa miaka yote, jumla 246,400. Ni karibu sawa na murabaha, na si mbali na mkopo wa benki wa soko. Hapo msemaji atasema, "Basi tofauti i wapi?" Naye atakuwa amesema lile lile lililosemwa na watu wa aya ya 275. Tofauti haimo katika jumla. Imo katika siku ya msiba. Nyumba ikibomolewa na kimbunga mwaka wa tatu, mwenye deni la benki hudaiwa deni lote; mshirika hupoteza hisa zake, na kampuni hupoteza zake.

Jambo hili lapasa kutazamwa kwa macho mawili. Idara ile ya serikali ilipoijuzisha murabaha mwaka 1999, hoja yake ilikuwa ya kuwa kwa maana ya uchumi ni sawa na mkopo, na ya kuwa benki haibebi hatari ya kweli ya mwenye nyumba. Hoja hiyo yawatosha watu wa sheria ya nchi. Mwislamu naye aichukue kuwa ni onyo: aisome karatasi aone kama hatari imebebwa kweli, au imevuliwa yote na kutupwa juu yake. Wala asishtuke peke yake kwa kuona maneno "mkopo" na "riba" katika fomu fulani, kwani sheria ya nchi hulazimisha fomu hizo. Aitazame akdi yenyewe.

Kwa mtu wa mashambani iko taabu nyingine. Kampuni hizi ni chache, hazina ruhusa ya kufanya kazi katika kila jimbo, nazo hutaka malipo ya kwanza ambayo mkopo wa wizara hauyataki. Kisha nyumba ya shamba huwa na kisima chake na shimo lake la maji machafu. Visipopimwa kabla ya kununua, mnunuzi huweza kurithi gharama kubwa.

MLANGO WA NNE: KUUZIWA NA MWENYEWE KWA MUDA

Katika Minnesota na majimbo mengine uko mkataba ambao mwenye nyumba humwuzia mtu bila ya benki. Mnunuzi hulipa kila mwezi, na hati ya kumiliki hubaki kwa mwuzaji mpaka malipo ya mwisho. Waislamu wengi wameukimbilia, kwa kuwa ni bai ya muda na wameambiwa hauna riba.

Asili yake yaweza kuwa halali, ikiwa bei ni moja, imejulikana, na haizidi kwa kuchelewa. Lakini aghlabu katika mikataba hiyo huandikwa nyongeza ya mwaka juu ya baki, na hapo riba imerudi kwa mlango wa nyuma. Na dhuluma yake ni kubwa: wako walionunua nyumba kwa bei iliyozidi thamani, kisha mwezi mmoja ukiwapita, mwuzaji huweza kuvunja mkataba kwa notisi ya siku 60 kwa kawaida, akaichukua nyumba na fedha zote zilizokwisha kulipwa, akamwuzia mwingine. Familia za Kisomali huko ziliumia kwa mambo haya, hata mwaka 2024 Minnesota ikabadili sheria kuwalinda wanunuzi.

Basi mwenye kutaka njia hii afanye mambo matatu: nyumba ithaminiwe na mthamini asiye wa mwuzaji; mkataba uandikishwe katika daftari la ardhi la wilaya; na mwanasheria wake mwenyewe ausome. Aya ya 282 ya Al-Baqara imeamrisha deni la muda liandikwe na lishuhudiwe. Mwenye kupuuza amri hiyo kwa kuona haya asimlaumu ila nafsi yake.

MLANGO WA TANO: NJIA ZISIZO NA NYONGEZA

Mlango ulio karibu na maskini, na ambao Waislamu wachache huutazama, ni wa jumuiya ya Habitat for Humanity, iliyoanzishwa Americus, Georgia, mwaka 1976. Ni jumuiya ya Kikristo, lakini huwauzia watu wa kila dini. Mtu hushiriki kwa mikono yake katika kuijenga nyumba yake na za wenziwe, kisha huuziwa kwa malipo ya miaka mingi. Matawi mengi yake hawatozi nyongeza kabisa. Mtume (s.a.w.) aliweka deraya yake rehani kwa Yahudi wa Madina kwa chakula alichokinunua; basi kuamiliana na asiye Mwislamu katika jambo la halali hakuna aibu. Lakini yapasa kuuliza katika kila tawi, kwani baadhi yake siku hizi hutumia mikopo ya benki au ya Wizara ya Kilimo yenye nyongeza.

Wizara hiyo nayo husaidia vikundi vya kujenga kwa ujima katika mashamba: familia kadha hufanya pamoja angalau 65 katika 100 ya kazi ya kujenga nyumba zao, wala hahamii mmoja mpaka nyumba zote ziishe. Ujima huo ni mwema, na watu wa pwani waujua tangu zamani. Illa gharama zilizobaki aghlabu huchukuliwa kwa mkopo wa wizara uliotajwa katika mlango wa pili, basi hukumu ya mkopo ni mbali na hukumu ya ujima. Mwenye fedha zake au karadha njema aweza kuitwaa kazi na kuuacha mkopo, ikiwa kikundi chamkubalia.

Njia nyingine ni ya jamaa wenyewe. Watu kumi waliotoa kila mmoja dola 200 kwa mwezi hupata dola 24,000 kwa mwaka. Wakimpa mmoja wao karadha bila ya nyongeza kila mwaka, naye akairudisha polepole, huwa wamefungua mlango usiofungwa na benki. Ardhi nayo hupatikana kwa ushirika: katika mji mdogo wa Wales, jimbo la Maine, shamba la zaidi ya eka 100 lilinunuliwa kwa michango, likawekwa katika amana, na jumuiya ya Wabantu wa Kisomali ikapewa ijara ya miaka 99 ili walime.

Tanbihi kwa mzee aliye nyumbani: kampuni na benki za huko, zikiona fedha zimetoka kwa baba, hutaka waraka uliotiwa saini kwamba ni zawadi wala si deni. Baba akitoa kwa nia ya kulipwa, kisha yeye na mwanawe wakatia saini kwamba ni zawadi, wamesema uwongo katika hati, na wameitia nyumba katika ugomvi siku ya mirathi. Ama atoe zawadi ya kweli, akikumbuka haki ya watoto wengine, kwani kuwasawazisha watoto katika hiba ni sunna. Ama aseme wazi kuwa ni deni, liandikwe, na mwana alitaje kwa kampuni.

Na tanbihi kwa aliye huko: mtu aliyejiepusha na kila deni hukuta hana sifa ya kulipa katika madaftari ya nchi. Asikope kwa riba ili apate sifa. Na aziweke stakabadhi za kodi ya nyumba, za umeme na za maji, miezi 12 au zaidi, kwani wakopeshaji wengi, na wizara hiyo pia, huzikubali kuwa ushahidi wa uaminifu. Tena wapo washauri wa nyumba waliothibitishwa na serikali ambao hushauri bure au kwa ujira mdogo; awaendee kabla ya kwenda kwa dalali.

MLANGO WA SITA: MAS'ALA YA DHARURA

Watauliza watu: je, haikutolewa fatwa ya kujuzisha? Naam. Mwezi wa Oktoba mwaka 1999 Baraza la Ulaya la Fatwa na Utafiti, kwa wingi wa wajumbe wake, lilijuzisha kwa Waislamu wa Ulaya mkopo wa benki wa nyumba, kwa masharti: iwe nyumba ya kukaa mwenyewe, asiwe na nyingine, asiwe na mali ya kuinunua, na isipatikane njia ya halali. Walitegemea kwamba haja hushika mahali pa dharura, wakaongeza kauli ya madhhab ya Hanafi juu ya miamala katika nchi zisizo za Kiislamu. Wanavyuoni wengi waliwapinga. Na katika madhhab ya Shafii riba ni haramu katika nchi yo yote, haitofautishi mahali na mahali.

Tena dharura hupimwa kwa kiasi chake. Anayepata nyumba ya kupanga inayomsitiri yeye na watoto wake, huyo ana taabu, hana dharura. Na taabu hulipwa kwa subira na kwa hila za halali zilizotajwa. Lakini asiseme aliye na nyumba ya mawe hapa pwani ya kuwa hakuna dharura popote. Yapo mahali pa mashamba ambapo nyumba za kupanga za kutosha watoto saba hazipatikani, na mwenye nyumba hawataki, na theluji iko mlangoni. Mwenye hali hiyo amweleze mwanachuoni amjuaye yeye na mji wake, amwoneshe karatasi zote, amweleze milango aliyoigonga ikafungwa. Fatwa haichukuliwi kwa mtu mwenye haraka ya kuuza, wala kwa kijitabu. Na akijuzishiwa, asichukue zaidi ya haja, na ajitahidi kutoka humo mapema.

KHATIMA: MASUALI MATANO KABLA YA KUTIA SAINI

La kwanza: Je, kampuni imeimiliki nyumba, yote au fungu, kabla ya kuniuzia au kunipangishia?

La pili: Nyumba ikiharibika bila ya kosa langu, hasara ya nani, na bima italipwa kwa nani, na kwa kiasi gani?

La tatu: Nikichelewa kulipa, nini huzidi? Gharama ya kweli ya kudai ni jambo jingine. Nyongeza inayoingia mfukoni mwa mdai ni riba. Na aya ya 280 imeamrisha mwenye dhiki apewe nafasi.

La nne: Nikilipa mapema, nini hupungua? Katika murabaha bei yote ni haki ya mwuzaji; akisamehe kwa hiari yake ni ihsani, lakini haifai kushurutisha punguzo hilo katika akdi.

La tano: Nikifa, hati imeandikwa vipi? Katika nchi hiyo hati ya pamoja huweza kumpa mshirika aliye hai nyumba yote, na warithi wengine wakakosa fungu lao. Wasia wa kisheria uandikwe mapema.

Anayejibiwa masuali haya matano kwa maandishi, na majibu yakamridhisha yeye na mwanachuoni wake, atie saini na amshukuru Mola wake. Anayeambiwa, "Hayo si muhimu, mradi malipo ya mwezi ni madogo," airudishe kalamu mezani. Malipo ya mwezi huisha kwa miaka 33. Hesabu iliyo baada yake haina muda.

Wallahu aalam. Na tawfiki ni ya Mwenyezi Mungu.